Faini ya Kahawa

Kabla sijafungua duka la dawa hapo Langoni
nakaa kizingitini robo saa, daftari magotini:
daftari la hesabu, lenye safu tatu za wino mwekundu,
Bidhaa. Idadi. Bei.
Sikutafuta jingine. Safu zimenifunza.

Bidhaa: maji ya mtaroni, yamepungua tangu jana.
Idadi: maganda ya ndimu, mawili; paka, mmoja,
sikio la kushoto limepasuka, analala palepale
jua linapoanza kugusa ukuta wa kina Mahadhi.
Bei, hapo naacha wazi.
Siku nyingine naandika: usingizi wangu.
Siku nyingine: chai imepoa.

Miaka kumi na mmoja, ukuta ni uleule.
Najua chokaa ilipobambuka ikaonyesha tumbawe,
najua ufa uanzao chini ya dirisha, ukapinda, ukajificha
nyuma ya bomba la mwaka juzi.
Madoa ya masika nimeyahesabu.
Asubuhi nyingine sioni kitu. Naandika: sioni kitu.
Punda anapita na mchanga wa ujenzi,
unadondoka chembe chembe, na kijana nyuma yake
anabishana na simu juu ya mkopo.
Hiyo nayo inaingia. Bei: elfu sita, alivyosema mwenyewe.

Alhamisi baada ya isha twakutana kwa Shee Famau,
juu, chumba cha cherehani, vitambaa vimesogezwa.
Tuko watano; sita, Salhina akipata wa kumshikia mtoto.
Sharti ni moja, limeandikwa mlangoni kwa chaki ya fundi:
leta ulichokiona, kisomwe kilivyo,
na atakayetamka lile neno la kulinganisha
atalipa kahawa ya wote.

Si rahisi. Ulimi umezoea kuazima.
Lali, mwalimu wa hesabu, alileta mwezi,
akaanza vyema, akafika katikati akatafuta sahani.
Tukagonga meza. Akatoa mia mbili.
Shee mwenyewe husoma mistari miwili, basi:
"Mteja kaleta kanzu ya marehemu ipunguzwe.
Mfukoni mlikuwa na risiti ya mkate."
Hakuna aliyekohoa.

Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya Bi Zena Bunu,
muuza mahamri; haandiki, hukariri,
na goti lake la kulia halipandi ngazi bila kumlaumu mtu.
Akasema:
"Jumanne nalitoka kwa mwanangu na kikapu,
goti likanikataa, nikaegemea ukuta wa kina Mahadhi.
Chini ya dirisha, hapa, kiunoni,
mkono wangu ukapata kibonde.
Nikainama. Kiganja cha mtoto,
vidole vitano, ndani ya chokaa.
Alipigwa au alichekewa, sijui.
Chokaa ilikuwa mbichi. Ni hayo."

Kisha akanigeukia, kikombe hewani:
"Na wewe wakaa mkabala wake kila siku.
Mato wayatumiani?"

Wakacheka. Nami nikacheka, masikio yakiniwaka.
Miaka kumi na mmoja. Madaftari tisa.

Nilirudi huko na tochi ya simu.
Nikapapasa chini ya dirisha, nikakipata:
baridi, kina cha ukucha, gumba limepinda kwa nje.
Changu hakikuingia. Ncha za vidole vitatu tu,
nazo nikaziacha humo, nisijue nasubiri nini,
hata mlinzi wa benki akaja kuniuliza nimepoteza ufunguo?

Asubuhi, kizingitini, safu ya kwanza:
Kiganja. Idadi: kimoja. Bei:

na kalamu, bila kuniomba ruhusa, ikaandika
kama

ikasimama hapo.
Sikulifuta. Sikulimaliza.
Alhamisi nitaweka mia mbili mezani
kabla hata sijaketi.