Legea

Saa mbili asubuhi Isyonje haina kivuli.
Ukungu umeshuka toka Uporoto,
umekaa juu ya matuta ya viazi,
nami nashukuru: hakuna taa ya studio
inayoujua uso namna hii,
hakuna shimo jeusi chini ya nyusi.

Bi Tusajigwe katoka na kitenge kipya,
mikunjo ya dukani bado imo.
Kasimama kwenye ukuta wa tofali,
mikono ubavuni, pumzi kaizuia,
kama siku ile ya kitambulisho
walipomwambia, Usicheke mama, mashine itakataa.

Nikamwambia, Legea.
Hakuna neno linalomkaza mtu kama hilo.
Tabasamu kidogo, basi.
Akanionyesha meno kama yuko kwa daktari.

Nikaiacha kamera ining'inie.
Nikauliza bei ya gunia.
"Lumbesa, au gunia la haki?"
Bega moja likashuka.
Tukaketi mlangoni,
giza la jiko nyuma yake, weupe wote mbele.
Akanipa kisu nami nimenye.
Kiazi changu kikatoka na pembe sita.
"Huyu unamlisha nani, nguruwe?"
Nikabonyeza kutoka gotini, bila kutazama.

Picha unampelekea nani, mama? Mwanao wa Dodoma?

Akafuta kisu kwa upindo wa kitenge.
"Ni ya siku yangu.
Mwakalobo tulimwaga kwa ile ya kitambulisho.
Wakaivuta ikawa kubwa kama dirisha,
watu wakapita mbele yake mmoja mmoja
wakimuaga mtu aliyenuna.
Na yule baba kununa hakujua."

Sasa aliyekauka ni mimi.
Upande wa Kitulo jua limeanza kutoboa,
mwanga unakuwa mkali, dakika zinakwisha,
kidole kiko juu ya kitufe
na sijui nitazame wapi.

Akanigusa goti kwa mkono wenye wanga.
"Legea," akasema.
"Sijafa. Maji yenyewe hayajachemka."

Hiyo ndiyo aliyoichagua.
Ukiikuza, ndani ya kila mboni
kuna mlango mdogo mweupe.

Ile ya gotini ilitoka haina kichwa.
Sikuifuta: mikono miwili,
kisu, na ganda moja refu
lililofika chini bila kukatika.