Sahani ya Panzi, Shangani

Malipo ya pili ya korosho yalipoingia
Likwati alinyoa ndevu, akavaa shati la harusi ya mdogo wake,
akasema: Somoe, leo hatuli nyumbani.
Nikadhani chipsi za stendi.
Kumbe Shangani, nyumba ya ukuta mweupe
waliyokuwa wakikaa wahandisi wa gesi.
Sasa taa zinaning'inia ndani ya vibuyu
na mlangoni pameandikwa Oaxaca,
neno ambalo mume wangu alilitamka mara tatu
na kila mara likamtoka jipya.

Kitambaa cha mkono kimekunjwa kama barua ya posa.
Niliogopa kukifungua.
Mhudumu, Nalinga, akasema kuna sahani moja kwa kila ntu,
akajisahihisha haraka: kila mtu.
Masasi, nikajua. Nikakaa vizuri kwenye kiti.

Mchuzi mweusi, akatueleza, umepikwa siku mbili.
Pilipili aina sita, zimekuja na ndege.
Chokoleti, karanga, ufuta.
Ufuta wa wapi? Likwati akauliza
kwa sauti ile anayokwenda nayo mnadani.
Wa Nachingwea, mzee.
Likwati akacheka peke yake
kama aliyekutana na mwanawe mjini, kavaa tai.

Nikauonja. Kwanza moshi,
kisha utamu wenye kuchelewa,
kisha uchungu kidogo, kama wa mbavu baada ya kucheka sana.
Sikuuelewa.
Nikauonja tena, nisiuelewe haraka.

Kikaja kinywaji ndani ya kikombe cha udongo.
Likwati alikinusa tu, akakisukuma pembeni:
Somoe, hii ni nipa iliyosoma.

Halafu panzi.
Sahani ya jiwe, kipande cha ndimu, chumvi,
panzi wekundu wamelaliana, macho yao bado yanatazama.
Menyu inasema elfu arobaini na tano.

Kitangari, asubuhi, umande ukiwa bado umewashika mbawa,
tuliwaokota kwa chupa iliyokatwa shingo
mimi na dada zangu, sketi za shule zimelowa mpaka magotini.
Mama akiwakaanga kwenye kigae, bila mafuta,
anatufungia kwenye karatasi ya daftari.
Mwalimu mmoja alinusa begi langu.
Akasema mbele ya darasa: hiki ni chakula cha washamba.
Nikaenda kuwamwaga nyuma ya choo,
chupa nzima.

Elfu arobaini na tano.
Chupa nzima.

Nilikuwa nawang'oa miguu kabla ya kutafuna,
sikujijua, vidole vyangu vyenyewe vilikumbuka.
Mpishi akasimama mlango wa jikoni, mama mfupi,
aproni ina madoa ya ule mchuzi, ananitazama.
Akaja. Akasema jambo kwa lugha yake,
kisha kwa Kiingereza cha kuokoteza, na Nalinga akanifikishia:
Anauliza umejifunzia wapi kula hivyo.
Nikasema: kwenye njaa.
Nikasema tena: hapana, mwambie kwa mama.
Nalinga akamtafsiria moja tu kati ya hayo,
sijui lipi.
Yule mama aliniongezea kiganja kimoja cha panzi, cha bure,
akarudi kwenye moto wake.

Likwati alilipa bila kuitazama risiti,
lakini chini ya meza nilisikia noti
zikihesabiwa mara mbili.

Jumamosi nikapanda Kitangari
na wale panzi ndani ya kitambaa cha hoteli,
samahani, nilikichukua.
Mama akafungua, akanusa, akamweka mmoja kwenye jino lake zima.
Akatafuna akiangalia ukutani.
Umewanunua?
Nimepewa, nikasema, na kwa hao haukuwa uongo.
Akachukua wa pili.

Chumvi sawa, akasema.
Ila hawakuwatoa miguu.