Dakika Nne

Jumatano ya mwisho ya Septemba, klabu yetu ya mashua
inanuka supu ya samaki na varnishi isiyokauka.
Verna Corkum anauza tiketi za bahati nasibu;
zawadi ni paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi tangu Jumapili.
Mimi ndiye mshika saa. Nakaa kwenye kibanda cha mbao
mwisho wa gati, na honi, na darubini,
na daftari lisilojua ujomba.

Hivyo ndivyo ninavyowaambia kila mwaka.

Saa kumi na moja na nusu nikapiga honi.
Mashua kumi na moja, matanga yamevimba,
mabaharia wameinama, hakuna anayepumua,
na ile ya buluu, ya Tobin, mtoto wa dada yangu,
omo yake ilikuwa imeshavuka mstari.
Sekunde mbili. Sema tatu.
Niliiona kama ninavyoziona kucha zangu.
Honi ya kumrudisha ilikuwa chini ya kiganja.
Nikashika kitambaa, nikafuta kioo cha darubini
ambacho hakikuwa na doa.

Wakaenda joshi hadi Kisiwa cha Kondoo,
wakibisha kulia, wakibisha kushoto,
kila mmoja akimwibia mwenziwe upepo.
Ukungu wa Nova Scotia nao haubishi hodi.
Uliingia kwa mlango wa ghuba, ukaketi,
ukameza boya la tatu, ukalifuatia la pili.

Tobin alimaliza wa kwanza. Makofi, miluzi.
Burton Hirtle, mwenyekiti, akakipangusa kikombe cha fedha
ambacho mchongaji, zamani, alikosea jina la klabu
na hadi leo hakuna aliye radhi kulipia herufi moja.
Mashua kumi zikarudi. Tezi na omo, wote wakaishia ukumbini,
wakishindana upya kwa vijiko juu ya kitambaa cha meza:
kopo la chumvi ndilo kisiwa, kisahani cha siagi ndilo boya,
na wewe ulinibana hapa, la, wewe ndiwe uliyenibana.

Lovell Ernst hakuwemo.
Ana miaka sabini na sita. Tangu Aprili hushindana peke yake;
mahali pa Muriel, kando ya usukani, ameweka ndoo.
Kanuni inasema saa mbili usiku mbio zimefungwa.
Saa mbili nikaandika mbele ya jina lake: hakumaliza.
Taa ya gati sikuizima.

Kisha tanga, rangi ya chai ya maziwa,
likajitokeza kwenye mwanga, polepole,
kwa upepo usioweza kuzima kiberiti.
Akavuka saa mbili na dakika nne.
Honi si ya waliochelewa.
Nikaipiga. Watu wakatoka nje na mabakuli mikononi.

Alipokuwa anafunga kamba nikamuuliza, ni ukungu?
“Hapana. Boya la tatu nililipita upande usio wake.
Nilikuwa nusu ya njia ya kurudi nilipogundua. Ikabidi nigeuze.”
“Kwani nani angekuona, Lovell, katika giza lile?”
Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya hewa.
“Si nilikuwepo mwenyewe?” akasema,
halafu akauliza kama supu imebaki.

Imebaki. Sasa anaipuliza, kijiko baada ya kijiko.
Paja limemwangukia daktari wa meno asiyekula nyama.
Tobin amekinyanyua kikombe, anapigwa picha,
dada yangu amemshika mkono, macho yamemlowa.
Daftari liko kwapani mwangu,
zito kama kamba ya nanga iliyotoka majini.
Kinanda kimeanza. Verna ananivuta, twende tukacheze.
Ngoja, namwambia, nishikie glasi.
Kutoka hapa hadi meza ya Hirtle ni hatua sita.
Nimeshapiga mbili.