Nukta ya Bortolo

Baba alichonga uso wa Kristo
juu ya chuma kisichozidi upana wa kidole gumba,
kila jicho nusu ya chembe ya ulezi,
kinyumenyume, kulia iwe kushoto,
ili nyundo ikishuka, fedha isome sawasawa.
Upande wa pili Mtakatifu Marko anampa mtawala bendera.
Wote wawili wameushika mti wake
kama watu wasioaminiana.

Jumamosi alilipwa,
lakini si kwa zile grosso zilizotoka mkononi mwake.
Alilipwa vijisenti vyeusi,
shaba iliyonusishwa fedha,
vyenye kuacha harufu kiganjani hadi Jumatatu.
Mama akivipanga mezani husema: mfinyanzi hulia gaeni.
Baba hucheka, kisha hukohoa.
Moshi wa risasi ulikuwa umeshapanga chumba kifuani mwake.

Usiku mmoja alinionyesha, chini ya kiti cha enzi,
nukta kama yai la chawa.
"Mabwana wa kiwanda wana alama zao," alisema. "Hii si yao."
Ya nani, basi?
Akapuliza mshumaa.

Miaka kumi na tisa.
Leo baharia wa Zara amenunua mikunga sita,
akanirushia sarafu iliyolika kama kipande cha sabuni,
ukingo umekatwa na mwizi wa hapa, au wa Aleksandria.
Mtakatifu hana pua. Mtawala hana jina.
Nimeing'ata, kama tunavyofanya sote hapa Rialto,
nikapitisha ukucha chini ya kiti,
ukakwama.

Baharia akagonga meza, anadai chenji yake.
Nikahesabu, nikakosea, nikaanza upya.
Baba, wewe uliyejua njia mbili tu,
ya kiwandani na ya kanisani,
umefika wapi?
Umenunua pilipili ya nani?
Umemnunua mtoto wa nani?

Nimerudi nayo shavuni,
maana mifuko yetu haina siri.
Ina ladha ya chumvi na ute wa mikunga.
Kila daraja nililopanda
ulimi uliirudia ile nukta.

Kesho ni kodi ya meza.
Ser Donado atafungua kijisanduku cha mizani,
ataiweka, atasubiri,
atasema ni nyepesi.
Na kweli ni nyepesi.
Nitaongeza vijisenti vyeusi viwili.