Swali la Kumi na Nne

Mtihani ni Jumapili. Chumba kiko ghorofa ya pili,
Al Khodh, juu ya duka la dobi; joto la pasi linapenya sakafuni
na kiyoyozi kinakohoa kama mgeni anayetafuta njia ya kuaga.
Mbele yangu Thuwaiba, kalamu ya risasi sikioni.
Habari ni ya Kiingereza. Tunaigeuza kwanza
kwa Kiswahili cha jikoni, kwao na kwetu:

Maji ya falaji sasa yanapita katika bomba safi la plastiki.
Wageni wanapiga picha. Hata ngazi za kuteremkia
zimewekewa taa, ingawa hakuna tena anayeteremka.

Msimamo wa mwandishi ni upi?
A, anasifu. B, anakejeli.
C, hajali. D, anasikitika.

"A," asema Thuwaiba. "Safi, picha, taa. Maneno mazuri matupu."

Matupu, ndiyo. Umelisema mwenyewe.
Usiyahesabu maneno kama chenji ya dukani.
Itafute "hata". Itafute "ingawa".
Neno dogo ndilo lenye meno;
mwandishi akitaka kuficha jambo
hulificha pale unapopita mbio.

"Lakini hakusema kwamba ana huzuni."

Hakusema. Nawe ulipoingia hukusema kwamba hujalala,
ila kitabu umekifungua kichwa chini.

Anacheka. Anafuta A, anaweka D,
anafuta, anaweka B, anafuta.
Karatasi inaanza kutoboka.

Hapo simu yangu inatikisika mezani.
Shangazi Rayya, kutoka Ibra:

Tumekula. Wali ulitosha. Sahani yako tumeifunika tu.
Eti barabara siku hizi ni saa moja na nusu.
Haya, kazi njema.

Nampa Thuwaiba. Jifanye ni mtihani.

Anasoma. Anarudi kwenye "tu".
Kwenye "eti" anakaa
kama aliyekanyaga mwiba na hataki kuutazama.
"Hajali," anaanza, "si amekutakia kazi nj..."
Ananyamaza. Pasi huko chini inapumua.
"Mwalimu, jibu hili halimo."

Halimo. Waliotunga mtihani wana visanduku vinne,
na shangazi yangu haenei hata katika kumi:
amenuna, ananicheka, amenikumbuka kwa jina la kila samli,
na juu ya yote amefunika sahani nzi wasiiguse.
Lakini Jumapili utachagua D.
Alama moja ni alama moja, mwanangu;
mengine hayasahihishwi na mashine.

Anaandika D. Anaizungushia duara mara mbili.
Kisha, macho bado kwenye simu:
"Na wewe umemjibu nini?"

Namwonyesha. Neno moja: Inshallah.

Thuwaiba analitazama, kichwa upande,
jinsi nilivyomfundisha,
anatafuta neno dogo na halioni.
"C," asema,
wala hashiki kifutio.