Sauti ya Tatu

Padri alituachia kabati, funguo, na deni la mishumaa.
Ndani, vitabu vya kwaya, kila sauti na chake,
Kilatini cha miaka mia nne na ushei.
Cha tatu, cha teno,
mchwa wa Cheyo walishakisoma
wakabakiza jalada na vumbi jekundu.

Nikakaa na ya kwanza, ya pili na besi
kama anayesikiliza ugomvi wa jirani ukutani:
hapa nani kajibiwa?
Mbona ya pili inasita, inamngoja nani?

Nikajaribu kuandika kama wao. Uongo mtupu.
Kila nota ilivaa koti la kuazima.

Usiku ule treni ya Mwanza ikaagana na ya Kigoma,
honi moja ikishuka, nyingine ikigoma kushuka,
na Sizya wa njia za reli
akapita chini ya dirisha langu akivumisha puani
ule wa kushushia mizinga miomboni,
polepole, usiwaudhi nyuki.
Do, la, so. La. So.
Nikaandika hiyo.

Jumapili Kalunde alikunja uso:
"Mwalimu, hii siyo ya kule."
Siyo.
Ila tulipofika pale ya pili inaposita
Sizya akaingia na mzinga wake begani,
nayo ikaendelea
kama mgeni aliyebisha hodi
mpaka akasahau alikuja kufanya nini.

Besi wakakosea mwishoni. Tukarudia.
Karatasi yangu nimeifungia kabati lile lile.
Mchwa wana njaa; waanze wakitaka.