Mzani wa Viazi, Uyole

Mzani wangu ni wa viazi.
Ndoano, mnyororo, uso wa saa wenye kioo kilichopasuka.
Umezoea magunia ya Isyonje
na ubishi wa madalali wa lumbesa.
Mambo ya magari haukuyajua.

Asubuhi moja, ukungu ule
unaoficha hata kituo cha mafuta,
Fundi Asubisye alivuka barabara
na rimu mbili, moja kila mkono.
Nyuma yake Lwitiko mwenye Premio,
anaongea bila kupumua:
"Mama Tumpe, tupimie. Huyu mzee anabisha."

Ya kwanza ilikuja na gari kutoka kiwandani,
chuma kitupu, inchi kumi na nne,
nyeusi kama sufuria ya msibani.
Ukingo umekunjika, umenyooshwa,
umekunjika tena;
kila kovu Asubisye analijua, ni nyundo yake.
Mshale ukatetemeka, ukatulia:
kilo saba na robo.

Ya pili ya dukani, inchi kumi na saba,
mikono mitano inayong'aa
hadi mbuzi wa jirani akasimama kujitazama.
Nne kwa laki tisa. Muuzaji aliapa
ni nyepesi kama pamba.
Mshale ukapita nane, ukapita kumi,
ukaenda kukaa kwenye kumi na moja na nusu.

Lwitiko akausogelea uso wa saa
kama mtu anayetafuta jina lake
kwenye matokeo, na halimo.
"Mzani wako mbovu."
Nikatundika jiwe la kilo tano.
Likasema tano.

"Kilo ya kwenye buti imekaa," alisema fundi,
"kilo ya gurudumuni inakimbia,
kila shimo inapanda na kushuka nalo."
Hilo nililielewa kuliko yeye.
Mwezi wa tatu, shambani, tope likishika viatu,
kilo moja mguuni hushinda debe kichwani.

"Sawa, nzito. Si ndiyo imara?"
Hapo hata mimi nilinyamaza,
nikakumbuka viazi vile vikubwa,
vya kuwekwa juu ya gunia kama bwana harusi:
ukipasua, moyoni kuna pango.

Asubisye akachukua spana.
Ile nyeusi ikalia ngeeee,
nikajikuta shule ya msingi, Igawilo,
rimu ya lori inaning'inia kwenye mkaratusi,
kiranja anaitwanga kwa nondo.
Miaka saba niliisikia ikipigwa, haikupasuka.
Tuliopasuka ni sisi, viganja, kwa kuchelewa.

Ile ya kung'aa ikasema: ko.
"Imemiminwa kama uji," alisema.
"Ya kufuliwa ipo, nyepesi na ngumu,
ila bei yake utauza shamba."

Lwitiko akazifunga zote nne.
Pesa imeshatoka,
na Jumamosi dada yake anaolewa Tukuyu.
Spea aliniachia mimi, hiyo nyeusi,
kupisha masufuria ya harusi.
Akapandisha kuelekea Isyonje, taa zimewaka,
magurudumu kama sahani za wageni.

Jumatatu alirudi juu ya lori la ndizi,
suti begani, rimu mapajani.
Shimo lenyewe dogo, alisema,
la kuzamisha kikombe.
Ufa nao mwembamba,
unywele ulionasa kwenye sabuni.
Upepo ulitoka taratibu, kwa adabu,
wakati bibi harusi anaulizwa kama amekubali.

Hakuna aliyemwambia kitu.
Mimi nikaichukua, nikaitundika tena,
sijui kwa nini, mkono wenyewe tu.
Kumi na moja na nusu.
Haikupungua hata gramu.
Ufa hauna uzito.

"Ishushe, mama," akasema Asubisye,
"kuna mtu hapa anataka madebe mawili."